Shangazi Mwenye Chaki Mkononi

Masomo ya asubuhi yanapokwisha katika shule za milimani Makebuko, kusini-mashariki mwa mji wa Gitega, watoto humwagika njiani kama maharage kutoka gunia lililotoboka. Wa kuchota maji anakimbilia maji, wa mbuzi anakimbilia mbuzi. Madawati hayapati hata nafasi ya kupoa, maana shule nyingi za Burundi huenda kwa zamu mbili na kundi la mchana limeshajipanga uani. Katika pilikapilika hizo huwa yupo mmoja anayechelewa kutoka. Anafunga daftari, analifungua, analifunga tena. Mwalimu mzoefu akiona hivyo haulizi kitu mbele ya wenzake. Humpa mtoto rundo la vitabu ambebee hadi ofisi ya mkurugenzi, naye akafuata nyuma pole pole. Hatua hizo chache za uani ndizo ofisi ya ushauri nasaha. Nyingine hakuna.

Mwalimu huyo ana cheo kisichobandikwa mlangoni. Anaitwa shangazi wa shule. Akiwa mwanamume, ni baba wa shule. Katika karatasi za wizara na za mashirika, zinazoandikwa kwa Kifaransa, ni tante-école na père-école. Zipo nchi ambako mshauri wa shule ni mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye chumba, meza na mshahara wake. Katika sehemu kama Makebuko kazi ileile hubebwa na mwalimu wa hisabati au wa Kirundi, aliyeongezewa mafunzo mafupi na jina la ukoo.

Jina hilo halikuokotwa. Katika familia za Warundi, mambo ya mwili na ya unyumba msichana hakuyasikia kwa mama yake. Aliyasikia kwa masenge, dada wa baba. Msomaji wa pwani atamfananisha na somo au kungwi, ila shangazi wa Kirundi alikuwa na nguvu moja zaidi. Alikuwa wa ukoo lakini hakuishi humo nyumbani, kwa hiyo siyo yeye aliyemchapa mtoto jana wala atakayemnyima chakula leo. Na jambo likiwa zito, alikuwa na mahali pa kulipeleka: baba wa mtoto ni ndugu yake, angeweza kumketisha na kumwambia ukweli bila kuonekana anavunja adabu. Alisikiliza, alifundisha, halafu alitetea.

Vita vilivyoanza 1993 viliwatawanya mashangazi pamoja na ukoo wote. Wengine walikufa, wengine waliishia kambini Tanzania, wengine wako Bujumbura wakihangaikia maisha. Mwaka 2005 serikali iliondoa karo ya shule ya msingi na madarasa yakafurika. Chumba cha wanafunzi sabini au themanini si ajabu. Mageuzi ya 2013 yakaleta shule ya msingi ya miaka tisa, maarufu kwa jina la ekofo, hivyo mtoto wa miaka saba na kijana wa miaka kumi na sita wakajikuta katika ua mmoja, chini ya mkurugenzi mmoja. Balehe ikawa inabisha hodi katika shule ambazo zamani ziliishia darasa la sita.

Hapo ndipo jina la shangazi lilipohamia shuleni. Wizara ya elimu ilikuwa imeanzisha kampeni ya kutokomeza mimba za wanafunzi, na mashirika yakaja na mafunzo. Mojawapo ya miradi iliyolisambaza jina hilo ni Menyumenyeshe, ulioanza 2016 kwa ufadhili wa Uholanzi na kuendeshwa na mashirika kama CARE, Cordaid, Rutgers na lile la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA. Menyumenyeshe ni Kirundi: jua, kisha ujulishe. Walimu walifundishwa kuzungumza bila kigugumizi kuhusu hedhi, mimba, Ukimwi, na haki ya mtoto kukataa kuguswa.

Kwa kuwa mlango uliotumika kuingilia ulikuwa wa mimba, wazazi wengi hadi leo wanadhani shangazi wa shule yupo kwa ajili ya wasichana walioharibikiwa. Mvulana anayeonekana akizungumza naye hutaniwa wiki nzima. Ukweli ni kwamba mimba ni sehemu tu ya mzigo. Kuna mtoto anayesinzia kila siku saa nne kwa sababu hajala tangu jana. Gitega na Muyinga, mkoa wa zamani wa kaskazini-mashariki, zimekuwa miongoni mwa sehemu ambako Programu ya Chakula Duniani husaidia kuendesha kantini za shule, na mahali sufuria lipo, mshauri ana jibu la haraka. Mahali halipo, anabaki na swali. Kuna aliyefiwa. Kuna anayeishi kwa mama wa kambo. Kuna kijana anayepanga kutorokea Bujumbura akauze karanga barabarani. Kuna msichana anayekosa siku nne kila mwezi kwa sababu hana kitambaa cha kujihifadhi, na hakuna mwanamume pale shuleni anayeweza kumwambia.

Mazungumzo yenyewe yana utaratibu, hata kama yanafanyika kwa kusimama. Kwanza, mwalimu hukaa ubavuni mwa mtoto badala ya kumkabili, kwani mtoto wa Kirundi amelelewa kutomtazama mkubwa machoni. Pili, huanza na jambo dogo lisilo na aibu: kiatu, mdogo wake, safari ya kuja shule. Tatu, humwambia mapema siri itafika wapi. Hapa ndipo wasiofunzwa hukosea. Wanaahidi kwamba hakuna atakayejua, kisha wanasikia jambo wasiloweza kulinyamazia. Sheria ya adhabu ya Burundi huhesabu kuwa ni ubakaji mtu kulala na mtoto wa chini ya miaka 18, hata ikidaiwa mtoto mwenyewe aliridhia, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria maalumu dhidi ya ukatili wa kijinsia. Mshauri aliyefundwa vizuri humwambia mtoto tangu mwanzo: mengi yatabaki kati yetu, lakini ukiniambia kuna anayekuumiza, itabidi tutafute mtu wa kutusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijaenda. Mwisho huandika. Daftari la mshauri makini halina majina; lina tarehe, darasa, na alama anayoijua mwenyewe.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni chaki. Shangazi wa nyumbani hakuwa na rejesta. Huyu wa shule ndiye anayesahihisha mtihani, ndiye anayeandika aliyechelewa, na katika baraza la walimu ndiye anayepiga kura mwanafunzi apunguziwe alama za nidhamu. Alama hizo si mchezo: zikipungua kupita kiasi, mtoto hufukuzwa. Basi msichana anayetaka kusema kwamba alichelewa kwa sababu njiani kuna dereva wa bodaboda anayemsumbua anajua pia kwamba anayemwambia ndiye aliyemwandika. Wengi huchagua kunyamaza.

Mfumo mzima wa shule ukiegemea adhabu, sauti ya mshauri haisikiki. Mwezi Juni 2018 wizara ya elimu ya Burundi iliagiza kwamba wasichana wajawazito, pamoja na wavulana waliowapa mimba, wasirudi katika shule za kawaida. Agizo hilo liliondolewa mwezi uliofuata baada ya kupingwa, lakini kwa wiki hizo msichana mwenye mimba alikuwa na sababu mpya ya kumkimbia mtu pekee aliyewekwa amsikilize. Machi 2019, katika mkoa wa Kirundo wa wakati huo, uliopakana na Muyinga, wasichana watatu wa shule walishtakiwa kwa kumtukana mkuu wa nchi baada ya picha ya rais kwenye vitabu kuchorwachorwa. Waliwekwa rumande, habari zikazunguka dunia, na kabla mwezi haujaisha wakaachiwa. Kalamu ya mtoto kwenye kitabu ilifika kwa mwendesha mashtaka. Katika shule yenye mshauri anayesikilizwa na wenzake, ingeweza kuishia kwenye benchi chini ya mparachichi.

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zimeshapita njia hii na makovu yake. Kenya ina kitengo cha ushauri katika wizara ya elimu tangu 1971, lakini jambo hilo lilipewa uzito wa pekee baada ya moto wa Machi 2001 katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliowaua wavulana 67 usiku mmoja bwenini. Kamati iliyochunguza vurugu za shule mwaka huo ilisisitiza mwongozo na ushauri, na mwaka huohuo viboko vikapigwa marufuku. Tanzania ilitoa Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 ulioanzisha huduma za ushauri nasaha katika shule za sekondari, kisha ikasubiri hadi Novemba 2021 kuwafungulia tena mlango wa shule wasichana waliojifungua. Katika nchi zote mbili, kama Burundi, kazi iliangukia mikononi mwa walimu ambao tayari wana vipindi vyao. Chama cha washauri wa shule cha Marekani hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Ekofo moja ya mlimani inaweza kuwa na watoto mara nne ya hao, na mshauri wake ana madarasa ya kufundisha asubuhi na mchana.

Kuna upande wa kazi hii ambao haumtoi mtu machozi, ndiyo maana husahaulika: kuonyesha njia ya masomo. Mwisho wa darasa la tisa, wanafunzi wa Burundi hufanya mtihani wa taifa, kisha hupangiwa shule na mkondo: sayansi, lugha, ualimu, ufundi. Kwa mtoto wa Makebuko, ambaye wazazi wake wanalima maharage, mihogo na kahawa, majina ya mikondo ni maneno tu. Anasikia kwamba sayansi ni ya wenye akili na ufundi ni wa walioshindwa, na anabeba uongo huo hadi siku ya kujaza fomu. Mshauri anayejua kazi yake huanza darasa la saba. Huwaambia wanafunzi wamuulize muuguzi wa zahanati alisoma nini, wamuulize fundi umeme anayekuja kutengeneza mashine ya kusaga, wamuulize mhasibu wa chama cha ushirika cha kahawa. Huwaonyesha wazazi kwamba binti aliyepangiwa shule ya ufundi hajatupwa. Na pale mtoto anapopangiwa shule ya mbali yenye bweni, yeye ndiye anayekaa na baba kuhesabu: godoro, sabuni, nauli, ndoo.

Ukitoka Gitega kuelekea kaskazini-mashariki mpaka Muyinga, kazi ya mshauri hubadilika sura. Huku ni mpakani. Malori husimama Kobero yakisubiri kuvuka kwenda Ngara, na Kiswahili kinasikika sokoni na misikitini kama kinavyosikika katika mtaa wa Gitega unaoitwa kwa jina la Waswahili wenyewe. Kishawishi cha kuvuka ni kikubwa. Kijana anasikia kwamba ng'ambo kuna shamba la kulima kwa ujira, anaacha shule katikati ya muhula, na anarudi mwaka unaofuata na simu lakini bila darasa. Mshauri wa mpakani hulazimika kuzijua dalili kabla ya safari: kuuza kalamu, kurudisha vitabu vya kuazima, kuaga marafiki kwa mzaha.

Pia kuna wanaovuka kwa kuja. Tangu 2017, Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwa awamu kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zilizokuwa na maelfu yao katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, na Muyinga ni miongoni mwa sehemu zilizowapokea. Huko Gasorwe, Muyinga, kuna kambi ya Kinama ya wakimbizi kutoka Kongo. Mtoto aliyezaliwa katika kambi za Tanzania anaweza kuwa anaongea Kiswahili fasaha kuliko mwalimu wake, lakini akashindwa kuandika insha ya Kirundi na akacheka vibaya anaposomewa Kifaransa. Walimu wasiojua hudhani ni mjinga au mkaidi. Kiswahili kinafundishwa katika shule za msingi za Burundi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na hapo mshauri mwerevu hupata fursa: mrejea asiyeweza kitu saa tatu asubuhi huombwa awasomee wenzake kwa sauti kipindi cha Kiswahili. Siku hiyo darasa linagundua kwamba ana kichwa.

Mambo mengine hayatatuliki shuleni, na mshauri mzuri hujulikana kwa kujua mahali pa kuishia. Gitega kuna Kituo cha Humura, kilichofunguliwa 2012 kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa kingono na wa kijinsia. Humura ni neno la Kirundi la kumtuliza aliyeogopa: tulia, usihofu. Uzuri wake ni kwamba daktari, mwanasaikolojia, polisi na mwanasheria wapo pamoja, ili mtoto asirudie kisa chake katika milango minne. Baadaye huduma za namna hiyo zilianzishwa ndani ya hospitali za Muyinga, Makamba na Cibitoke. Kwa magonjwa ya akili, kituo cha Kamenge mjini Bujumbura kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo kina tawi Gitega. Na kuna simu ya bure ya watoto, namba 116, iitwayo Yaga Ndakumva: ongea, nakusikia.

Orodha hiyo inaonekana nzuri ikibandikwa ukutani. Tatizo ni barabara. Toka mlima wa ndani Makebuko hadi Gitega mjini, mtoto aliyebakwa anahitaji kufika ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU ziweze kumsaidia. Anahitaji nauli, anahitaji mtu mzima wa kumsindikiza, na mara nyingi mzazi anataka kwanza wazee wakae wamalizane na familia ya mkosaji kwa mbuzi au kwa ndoa. Sheria ya familia imeweka miaka 18 kuwa umri wa msichana kuolewa. Mshauri anayefika nyumbani jioni na kuitaja sheria hiyo mbele ya baba aliyekasirika anafanya kazi ileile ya masenge wa zamani, bila undugu wa kumlinda. Wenye busara hawaendi peke yao. Huongozana na mshingantahe, mzee anayeheshimiwa kwa kuamua mashauri ya watu wa mlimani, au na mwenyekiti wa kamati ya wazazi.

Mkoa wa Gitega una sababu zake za kujua gharama ya kutosikiliza. Kibimba, katika iliyokuwa komini ya Giheta, wanafunzi na walimu Watutsi waliteketezwa kwa moto Oktoba 1993, siku ileile Rais Melchior Ndadaye alipouawa katika jaribio la mapinduzi. Mnara wa kumbukumbu bado uko kando ya barabara kuu. Katika majuma hayohayo, huko Kwibuka, mchungaji wa Quaker David Niyonzima alinusurika huku wanafunzi wake wa uchungaji wakiuawa na wanajeshi. Baadaye alisomea ushauri nasaha na kuanzisha THARS, shirika la kutibu majeraha ya nafsi na kupatanisha watu. Watoto walio darasani leo hawakuyaona hayo. Wazazi wao waliyaona, na mwalimu anayeshangaa kwa nini baba wa mwanafunzi hukasirika ghafla usiku wa Oktoba huenda anatafuta jibu katika mwaka asioufundisha.

Wataalamu si kwamba hawapo. Chuo Kikuu cha Burundi kina kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu, na wahitimu wake wengi hutafuta kazi mjini. Shangazi wa Makebuko hadai aondolewe nafasi yake. Akiulizwa, mahitaji yake huwa ya kawaida sana: kipindi kimoja kwa siku asichofundisha, chumba chenye mlango unaofungwa, mwanasaikolojia mmoja wa komini anayepita kila mwezi ambaye yeye naye anaweza kutua mzigo kwake, fungu dogo la nauli ya dharura, na ruhusa ya kutopiga kura anapojadiliwa mtoto aliyemwamini. Hili la mwisho halina gharama yoyote. Linahitaji tu sahihi ya mkurugenzi.

Kisha kuna uhamisho. Kila mwaka, kabla ya shule kufunguliwa Septemba, walimu hupangiwa vituo vipya, na shangazi wa shule huhamishwa kama mwalimu mwingine yeyote. Rejesta atakabidhi, funguo za kabati atakabidhi, chaki zilizobaki zitahesabiwa. Daftari lile lisilo na majina haliwezi kukabidhiwa, kwa sababu aliyeliandika ndiye peke yake anayejua kulisoma. Kinachobaki ni kumwita mtoto mmoja mmoja katika wiki ya mwisho, kumpa rundo la vitabu, na kutembea naye uani mpaka kwa mwalimu mwingine. Pale hutamka jina la mtoto, hutamka jina la mwalimu, husema huyu sasa ndiye shangazi yako, na hungoja kwanza aone kama mtoto ameinua macho.